Paleoseismolojia: mtaro hausemi tetemeko lijalo litakuja lini

Ardhi ikitikisika popote duniani, huwa haipiti siku kabla mtu hajaandika kwamba wataalamu walishachimba, wakakuta tetemeko kubwa huja kila baada ya miaka mia na ushee, kwa hiyo lijalo "limechelewa". Safari hii iliandikwa kuhusu California, na wengi wakaisambaza kwa hofu ya kweli. Waliochimba hawakusema hivyo, na kilichomo ndani ya mitaro yao kinaeleza jambo tofauti kabisa.

Paleoseismolojia ni uchunguzi wa matetemeko ya ardhi yaliyotokea kabla ya kuwapo maandishi au mashine za kuyanakili, kwa kusoma alama yalizoacha ardhini. Njia yake kuu ni kuchimba mtaro unaoukatiza ufa wa kijiolojia, yaani mpasuko wa miamba ambao pande zake mbili husogea tetemeko linapotokea, kusawazisha kuta zake, kuzigawa kwa kamba na misumari katika miraba, kisha kuchora kila tabaka la udongo, mchanga na changarawe linaloonekana. Matabaka yaliyokuwapo siku ya tetemeko yamekatika na kusogea. Yale yaliyotandazwa na maji baadaye yamepita juu ya ufa bila kukatika. Tetemeko lilitokea basi baada ya tabaka la juu kabisa lililokatika na kabla ya tabaka la kwanza lililo zima. Vipande vya mkaa au mboji ndani ya matabaka hayo mawili hupimwa kwa kaboni 14, kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, na hapo unapata miaka ambayo tetemeko linaangukia katikati yake. Kipimo chenyewe hutoa kipindi. Mara nyingi kipindi hicho ni cha miongo kadhaa, pengine karne nzima.

Kuna mambo mawili ambayo wasimuliaji huyaruka. Tetemeko lisilofikia ukubwa wa 6 hivi ni nadra kupasua uso wa ardhi, kwa hiyo mtaro haulioni. Na matetemeko mawili yakitokea kabla ya mto kuleta mashapo mapya, ukutani yataonekana kama moja. Hesabu ya mtaro ni ya matetemeko makubwa yaliyopasua ardhi mahali pale, na yaliyobahatika kuhifadhiwa.

Sasa California. Mtaro unaotajwa sana, hata na wasioujua kwa jina, ni wa Pallett Creek, kijito kilicho karibu kilomita 55 kaskazini-mashariki mwa Los Angeles, juu kabisa ya San Andreas, ufa mkubwa unaoikatiza California. Miaka ya 1970 Kerry Sieh, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitambua kwamba mahali hapo palikuwa kinamasi kwa karne nyingi: mboji nyeusi, kisha mchanga wa mafuriko, kisha mboji tena. Ni vigumu kupata mahali bora zaidi, maana mboji inapimika kwa kaboni na mchanga unaonyesha wazi ulipokatika. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1978, yakionyesha mfululizo wa matetemeko makubwa unaorudi nyuma hadi karne ya sita.

Vipimo viliboreshwa, na mwaka 1989 Sieh na wenzake wakatoa hesabu mpya: matetemeko kumi ya karibuni zaidi, na wastani wa miaka 132 kati ya moja na lingine. Hii ndiyo namba inayozunguka. La mwisho katika orodha hiyo ni la tarehe 9 Januari 1857, lenye ukubwa wa takriban 7.9. Mtu anajumlisha 132 juu ya 1857, anapata 1989, kisha anatangaza kwamba Los Angeles inaishi kwa muda wa nyongeza.

Lakini chapisho lilelile lililotoa 132 ndilo linaloibomoa hesabu hiyo. Matetemeko kumi yana nafasi tisa kati yake. Tano kati ya hizo hazifiki miaka mia. Tatu ni za takriban karne mbili hadi tatu. Yaani ni nafasi moja tu kati ya tisa inayokaribia wastani! Lililotangulia la 1857 lilitokea Desemba 1812, miaka 44 tu kabla. Watafiti waliona kwamba matetemeko ya pale huja kwa makundi ya mawili au matatu, yakifuatana kwa miongo michache, kisha ufa hutulia kwa karne mbili au tatu. Wastani wa miaka 132 ni namba sahihi iliyotokana na kugawanya. Ufa wenyewe haujafungwa nayo.

Hata ufa unaoonekana kufuata mpangilio huweza kuuacha. Parkfield, kijiji kilicho kaskazini zaidi kwenye ufa huohuo, kilitikiswa mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wastani wa miaka 22. Hapo hawakuhitaji mtaro, kumbukumbu zilikuwapo. Wanasayansi wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba lijalo lingekuja kabla ya mwisho wa 1993, wakajaza eneo vifaa vya kupimia. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, na vifaa vyote hivyo havikunasa dalili ya wazi ya kulitangulia.

Kuna anayeuliza: basi kuchimba kuna faida gani? Kubwa mno. Mtaro unaonyesha ufa unapita wapi hasa, na kama umewahi kusogea katika zama za karibuni. Sheria ya California ya mwaka 1972, iliyozaliwa na tetemeko la San Fernando la mwaka uliotangulia, inakataza kujenga nyumba za kuishi watu juu ya ufa hai, na kwenye maeneo yaliyotengwa mtaalamu huchimba mtaro kabla ya kibali kutolewa. Hapo swali ni wapi, na mtaro unalijibu vizuri. Swali la lini unalijibu kwa uwezekano tu, tena wa miongo.

Sisi wa Bonde la Ufa tunahitaji jambo hili lieleweke, kwa sababu kumbukumbu zetu za vifaa ni fupi. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 na la Subukia la Januari 1928 yalikuwa makubwa, na la Subukia lilipasua ardhi kando ya ufa wa Laikipia na Marmanet, ambao watafiti wameuchunguza kwa mbinu hizihizi. Bonde letu hutanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, ilhali pande mbili za San Andreas hupishana kwa zaidi ya milimita 30. Nafasi kati ya tetemeko na tetemeko kwenye ufa mmoja wa huku huweza kuwa ndefu sana, na wastani unaotokana na matukio mawili matatu ni dhaifu kuliko ule wa Pallett Creek.

Kwa hiyo anayetaka kuutaja mtaro ule aseme hivi: matetemeko makubwa kumi ya karibuni yaliyoonekana pale yana nafasi za kuanzia miaka 44 hadi zaidi ya 300, na la karibuni zaidi ni la 1857. Akitaka kutaja wastani wa 132, autaje pamoja na nafasi hizo, na neno "limechelewa" aliache.