Mtendaji bora wa hoki ya vijana si lazima awe bingwa

Kila WHL, ligi ya vijana ya hoki ya barafuni ya magharibi mwa Kanada na kaskazini-magharibi mwa Marekani, inapotangaza Tuzo ya Lloyd Saunders ya mtendaji bora wa mwaka, yaani kiongozi anayeunda kikosi, kwa kawaida meneja mkuu, naulizwa lilelile: huyu kapewaje wakati timu yake haikuchukua ubingwa? Mimi ni msaka vipaji, na swali hili limenichosha. Bingwa ana kombe lake. Tuzo hii inapima kazi nyingine.

Wachezaji wengi wana miaka 16 hadi 20, na wa miaka 20 hawaruhusiwi kuzidi watatu kwa timu. Kwa hiyo kila kiangazi kikosi kinapukutika, hata meneja awe hodari vipi.

Sasa tazama Brandon Wheat Kings, timu ya jimbo la Manitoba, enzi za meneja wake Kelly McCrimmon. Mwaka 2013 walimchukua Nolan Patrick, chaguo la 4 kwenye drafti, yaani zoezi ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu. Alikuwa na miaka 14. Mwaka 2014, kwenye drafti ya wachezaji wa kutoka nje ya Amerika Kaskazini, wakamchukua Mrusi Ivan Provorov. Mwaka 2016 wakawa mabingwa wa WHL, na Patrick, akiwa na miaka 17, akawa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Niambie basi, ubingwa ule ulitengenezwa mwaka gani? Kisha wakaenda mji wa Red Deer kwenye Kombe la Memorial, mashindano ya mwisho ya msimu kati ya mabingwa wa ligi za vijana za Kanada na timu mwenyeji, wakapoteza mechi zote tatu. Je, meneja aliacha kuwa mzuri ndani ya siku chache?

Kinachonikera zaidi ni habari ya Januari, dirisha la kubadilishana wachezaji linapokaribia kufungwa. Anayetaka kombe hutoa chipukizi wake na nafasi za drafti za miaka ijayo ili apate wakongwe wawili watatu. Akishinda, anasifiwa. Lakini kuna mwenzake aliyetambua kwamba mwaka huu si wake, akawatoa vijana wake wa miaka 19 kwa timu nyingine kwa bei nzuri, mashabiki wakamzomea. Kura yangu ningempa huyu wa pili, na ningempa mapema, kabla matunda ya uamuzi wake hayajaonekana.

Hata hivyo, siwezi kuthibitisha kwamba niko sahihi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kurefuka ghafla au kuumia goti, na kipaji chenyewe pengine kiligunduliwa na msaka vipaji wa mji mdogo asiyetajwa popote. Sioni njia ya uhakika ya kutenga akili ya meneja na bahati yake.

Na hesabu zimezidi kuwa ngumu. Tangu Agosti 2025, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, inawaruhusu waliocheza WHL na ligi nyingine za vijana za Kanada kuchezea vyuo vikuu vya Marekani, mlango uliokuwa umefungwa. Kijana wa miaka 19 uliyemlea misimu mitatu anaweza kuondoka kabla ya msimu wake wa mwisho, nawe usipate hata nafasi moja ya drafti. Wapiga kura waangalie nani amejipanga kwa hilo.