Je, wajua kwa nini mahindi ya Bt humuua kiwavi lakini hayamuui mlaji?

Ukilipasua bua la mahindi lililoshambuliwa na bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua, unaanza kuona unga mbichi kama wa msumeno, umejaa kwenye tundu jembamba. Mdudu mwenyewe yuko mwisho wa tundu, mnono, anatafuna. Akishajichimbia humo, dawa ya kupulizia haimfikii. Ndiyo maana wazee wetu waliwahi mapema, wakatia majivu au mchanga kwenye moyo wa mmea, pale majani ya juu yanapochipukia, kabla hajazama.

Mahindi ya Bt yametengenezwa kwa ajili ya adui wa aina hii. Jina limetokana na Bacillus thuringiensis, bakteria wa udongoni. Mjapani Shigetane Ishiwata alimgundua mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamgundua upya, kisha akampa jina kutokana na jimbo la Thuringia. Dawa iliyotokana na bakteria huyu iliingia sokoni Ufaransa mwaka 1938, na hata wanaolima kilimo hai huipulizia hadi leo. Wanasayansi walichukua jeni yake moja, yaani maelekezo ya kutengeneza protini inayomuua kiwavi, wakaipandikiza kwenye mahindi, mmea ukawa unajitengenezea protini ile wenyewe, hadi ndani ya bua.

Basi mtu ana haki ya kuuliza: kinachomuua kiwavi, kwa nini kisiniue mimi ninayekula ugali wake?

Jibu limo tumboni. Utumbo wa kiwavi ni wa magadi makali. Humo protini ya Bt huyeyuka, ikakatwa na vimeng'enya, kisha ikanasa kwenye vipokezi maalumu vya ukuta wa utumbo, kama ufunguo kwenye kufuli lake. Ikishanasa hutoboa. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache, na baada ya siku mbili tatu amekufa. Tumbo letu ni la asidi, ileile inayotuunguza tukipata kiungulia. Protini hiyo ikifika humo huvunjwavunjwa kama ya maharage, na utumbo wetu hauna kufuli linaloingia ufunguo ule.

Hilo halina maana kwamba kila protini mpya ni salama. Mwaka 2000 nchini Marekani, mahindi ya StarLink yalikutwa kwenye chakula cha watu ilhali yaliruhusiwa kwa mifugo na viwanda tu, kwa kuwa protini yake, Cry9C, huchelewa kumeng'enywa na ilishukiwa kuweza kuleta mzio. Vipimo vya baadaye havikuthibitisha mzio, lakini vyakula vilikuwa vimeshaondolewa madukani. Kila mbegu ipimwe peke yake, na ghala zisichanganywe.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, iko shambani, wala si kwenye sahani. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998. Kufikia 2007 watafiti waliripoti kwamba bungua wa huko, Busseola fusca, anayatafuna na kuendelea kuishi. Huyu ndiye bungua yuleyule wa nyanda zetu za juu. Wakulima walitakiwa kutenga sehemu ya mahindi ya kawaida, ili nondo (bungua waliokomaa) wasio sugu wazaliwe humo na kupandana na wale wachache sugu, usugu usienee. Wengi hawakutenga. Ikabidi ziletwe mbegu zenye protini mbili.

Mahindi ya Bt yaliyofanyiwa majaribio nchini Kenya na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, yana jeni ileile iliyoshindwa kule, katika aina iitwayo MON810. Hili nalitaja kwa uchungu, maana mjadala wetu umekwama kwenye marufuku ya mazao yaliyopandikizwa jeni tu: Kenya iliweka yake 2012, ikaiondoa Oktoba 2022, watu wakaenda mahakamani, nayo Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao hayo huko Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Habari za bungua sugu husikii mtu akizitaja.

Faida ipo, nami siikatai. Hindi lisilotobolewa halishikwi ovyo na ukungu, na sumu ya ukungu huo iitwayo fumonisini hupungua. Lakini kutenga, tuseme, sehemu ya tano ya shamba kwa mahindi ya kawaida ni kumwachia bungua mstari mmoja katika kila mitano. Kwa mama mwenye nusu ekari, mstari huo ni debe la mahindi la mwezi wa njaa. Nani atamfidia debe hilo? Swali hilo lijibiwe kabla mbegu haijafika dukani.