Mishipa ya damu yenye afya: maana yake kwa mwenye kisukari na moyo ulioshindwa

Mtu akiambiwa mishipa yake ya damu ina shida, mara moja hufikiria kuziba: mafuta yameganda, damu haipiti. Kuziba kupo, na kunaua. Lakini mshipa unaweza kuonekana wazi kabisa kwenye picha ya hospitali na bado ukawa mgonjwa. Kwa wenye kisukari ambao pia moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri, hilo hutokea mara nyingi, na haliwekewi uzito unaostahili.

Mshipa wenye afya ni ule unaotanuka mwili unapohitaji damu zaidi na kusinyaa haja hiyo inapokwisha. Kazi hiyo inasimamiwa na utando uliofunika upande wa ndani wa kila mshipa, uitwao endothelia, wenye unene wa seli moja tu. Damu ikipita kwa kasi huusugua, nao hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza misuli ya ukuta wa mshipa. Utando huohuo huzuia damu isigande ovyo. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, hulegeza kipande cha mshipa wa sungura pale tu utando huo unapokuwepo. Ukikwanguliwa, mshipa haulegei. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wao kuhusu kazi ya nitriki oksaidi kwenye moyo na mishipa ya damu.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mwili huzalisha kemikali kali zinazoiharibu gesi hiyo kabla haijafika kwenye misuli. Sukari pia hujinata kwenye protini za ukuta wa mshipa, na ukuta unakakamaa. Mishipa midogo ndiyo huumia mapema: ya macho, ya figo, ya neva za miguu. Ya uume pia. Mwanaume anayepungukiwa nguvu za kiume hukimbilia dawa za mitaani kwa kuona aibu, ilhali tatizo hilo huweza kutangulia dalili za moyo kwa miaka. Apimwe sukari, presha na moyo kabla hajanunua chochote.

Moyo nao unaleta yake. Ukisukuma damu kidogo, mwili huona kama umeishiwa damu. Figo hutoa renini, kemikali inayoanzisha kupanda kwa presha, adrenalini hupanda, mishipa hukazwa, chumvi na maji huzuiwa mwilini. Kwa mtu aliyejeruhiwa na kuvuja damu, hatua hizo huokoa maisha. Kwa moyo dhaifu ni mzigo, maana sasa unasukuma dhidi ya mishipa iliyokaza. Halafu damu inayokwenda polepole haiusugui utando vya kutosha, gesi inapungua, mishipa inazidi kukaza. Miguu huvimba, na ukilala chali pumzi inakata.

Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 1974 kwamba kisukari huongeza hatari ya moyo kushindwa zaidi ya mara mbili kwa wanaume na takriban mara tano kwa wanawake. Wapo ambao kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa altrasaundi, huonyesha moyo unasukuma damu kwa kiwango cha kawaida, lakini umekakamaa na haujai vizuri. Kuharibika kwa vijishipa vya moyo wenyewe kunahusishwa sana na aina hii. Mgonjwa kama huyu asiambiwe kwamba hana kitu wakati anahema akipanda ngazi.

Kipimo cha utando wenyewe hutumika zaidi kwenye utafiti: mkono hubanwa kwa dakika 5, ukiachiwa huangaliwa kwa altrasaundi ateri imetanuka kiasi gani. Kliniki za kawaida hutazama presha, wastani wa sukari wa miezi mitatu, macho, na protini kwenye mkojo. Hiyo ya mkojo usiikose, kwa sababu inaonyesha mapema kwamba mishipa ya figo imeanza kuvuja.

Dapagliflozini na empagliflozini zilianza kama dawa za sukari. Kuanzia 2019 tafiti kubwa zikaonyesha zinasaidia moyo ulioshindwa hata kwa asiye na kisukari. Kutembea kila siku kwa kiasi ambacho daktari ameruhusu huongeza kasi ya damu inayousugua utando. Sigara huuharibu moja kwa moja.

Dawa nyingine za sukari hazifai hapa: pioglitazoni huzuia maji mwilini, na haipendekezwi kwa mwenye moyo ulioshindwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo au magoti, hukaza mishipa ya figo na kubakiza chumvi na maji, kiasi kwamba mgonjwa aliyekuwa ametulia anaweza kurudi wodini. Ukienda kununua dawa ya maumivu, mtajie mfamasia moyo na sukari kwanza.