Vespa ikigonga asubuhi, usikimbilie tapeti

Huku Unguja kila skuta ni vespa, hata ikiwa imeandikwa Kichina ubavuni. Nyingi ninazozipokea hapa Mwanakwerekwe zina injini ya aina moja, GY6: silinda moja, valvu mbili, inapozwa na feni, na muundo wake asili yake ni Honda. Ya cc 125 na ya cc 150 ni ndugu wa tumbo moja. Pistoni zote mbili zinapanda mm 57.8, kinachotofautiana ni upana wa silinda tu, mm 52.4 kwa 57.4. Ukiijua moja umeijua ya pili.

Juzi kaja maalim mmoja wa sekondari na yake. "Fundi, inagonga. Nikazie tapeti tu nikawahi kipindi." Tapeti ni zile skrubu za kurekebishia nafasi ya valvu.

Nikamwambia aizime, tuiache ipoe, kisha aiwashe mwenyewe. Ikaanza: chaka-chaka-chaka, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa, upande wa kulia. Ilipopata moto ikapunguza. Akivuta mafuta sauti inajificha, akiachia ghafla inarudi. Tapeti haigongi hivyo. Tapeti ina mpigo, tik, tik, tik, inaufuata mzunguko wa injini kama saa ya ukutani. Cheni ya taimingi haina mpigo, inakwaruza.

Kazi ya cheni hii ni kuzungusha kemu, nayo kemu ndiyo inayofungua valvu. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemu izunguke mara moja, isizidi wala isipungue, ndiyo maana sproketi ya juu, gurudumu la meno linaloshika cheni, ina meno mara mbili ya ile ya chini. Watu husema cheni "imevutika". Chuma hakivutiki kama mpira, bwana. Kinachokwisha ni vipini vilivyo ndani ya kila pingili. Cheni za injini hizi ninazokutana nazo zina pingili 90; kila pingili ikilegea kiasi cha unywele, zidisha mwenyewe. Ulegevu huo unachukuliwa na tenshena, kidude chenye springi kilichokaa juu ya silinda, chini ya kabureta. Kinasukuma, kinasukuma, mpaka siku kinafika mwisho wa safari yake. Siku hiyo ndiyo unaanza kusikia kokoto.

Basi kabla ya kumtajia mtu bei ya cheni, mimi hutoa tenshena kwanza. Ni boliti mbili ndogo za spana nane, na skrubu ya katikati inayoziba tundu. Naangalia ncha yake ilikuwa imetoka kiasi gani. Ikiwa bado ina nafasi ya kusukuma lakini springi imechoka au imeganda kwa uchafu, badilisha tenshena peke yake, nenda zako. Ya maalim ilikuwa imetoka yote. Nikapenyeza bisibisi kwenye tundu ilimotoka tenshena nikaisukuma cheni: inacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Hapo hakuna tena hadithi ya tapeti.

Wapo mafundi wanaotia washa, kile kiduara cha chuma, nyuma ya springi ili tenshena isukume zaidi. Kelele inakwisha, mteja anafurahi, na cheni iliyochoka inaendelea kutafuna viongozi wake, vile vipande viwili virefu vya plastiki ngumu vilivyopinda kama mbavu. Ile plastiki inaishia kwenye chujio la oili. GY6 haina filta ya karatasi, ina kichujio cha wavu tu, na chujio likiziba injini inakosa oili. Mimi kazi hiyo siifanyi hata ukinibembeleza.

Ubaya wa cheni hii ni kwamba yenyewe ni rahisi, kuifikia ndiyo shughuli. Iko kulia, nyuma ya magneti, lile gurudumu lenye sumaku. Unatoa kifuniko cha feni, feni, nati ya magneti, kisha magneti kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje, si kwa nyundo. Kile kipande cha chuma cha nusu mwezi kilichokaa kwenye krenki kitie mfukoni hapo hapo, kikianguka mchangani utakitafuta mpaka magharibi. Halafu koili, unamwaga oili, unafungua kifuniko cha kulia. Kuna gia ya stata, na nati yake inafunguka kinyume. Nimeona krenki iliyoharibiwa uzi na kijana mwenye nguvu ambaye hakuambiwa jambo hilo.

Upande wa juu ndiko ninakotaka usimame kidogo. Kabla hujagusa kitu, zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya T kwenye magneti ikutane na alama ya kwenye bodi ya injini; hapo pistoni iko juu kabisa. Sasa tazama sproketi ya kemu: ina matundu matatu, moja kubwa na mawili madogo. Tundu kubwa liangalie nje, upande wa kifuniko cha hedi, yaani kichwa cha silinda, na yale madogo mawili yalale sawa na uso wa hedi. Ukikuta tundu kubwa halionekani, umekuja mzunguko mmoja mapema. Zungusha krenki mara moja tena. Zikikaa sawa, tapeti zote mbili zinakuwa huru kidogo ukizitikisa kwa kidole. Piga picha kwa simu. Zamani tulikuwa tunachora kwa rangi ya kucha.

Tenshena iwe imeshatoka. Ndipo ufungue zile nati nne za juu. Na hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge: nati hizo hazikushika kemu peke yake. Ndizo hizo hizo zinazobana hedi na silinda yote mpaka kwenye bodi. Ukizilegeza, gasketi ya hedi umeshaipumzisha, na gasketi iliyopumzika haiaminiki tena. Mtu anakuja kwa kelele ya cheni, anaondoka na injini inayopuliza. Kwa hiyo mimi sibadilishi cheni bila gasketi mpya ya hedi. Na kwa kuwa hedi inatoka, kiongozi wa upande wa ekzosi naye anatoka, yule wa upande wa tenshena ana boliti yake chini. Wote wawili wapya, na tenshena mpya.

Ziba tundu la cheni kwa kitambaa. Mwaka wangu wa kwanza gereji nati iliniponyoka ikazama humo, nikalala saa mbili chali na sumaku iliyofungwa kwenye waya, huku mwenye vespa amekaa pembeni ananihesabia.

Kurudisha: cheni mpya ivishe chini kwanza, ishike kwa waya isidumbukie, hedi ikae, kisha ivishe kemu. Upande wa chini, wa ekzosi, uwe umekazika wote. Ulegevu wote ubaki juu kwenye tenshena. Ukiuacha ulegevu chini, alama zitaonekana sawa sasa hivi na zitahama jino moja ukibana tenshena. Nati nne kaza msalaba, kidogo kidogo, mpaka kama Nm 20, na boliti mbili za pembeni mwa hedi mwisho. Tenshena irudishe ndani kwa kuizungusha na bisibisi ndogo, ifunge, kisha iachie isukume yenyewe.

Usiguse stata bado. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, kwa mwelekeo inaokwenda yenyewe. Ikigoma, simama, usilazimishe. Ikirudi kwenye T na matundu yamelala palepale, pima tapeti kwa fila geji, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, mm 0.1, injini ikiwa baridi. Jino moja likihama, itawaka kwa shida, haitavuta, na itatema moto kwenye kabureta.

Ya maalim iliwaka mara ya pili ya kiki. Kimya. Nikamwonyesha cheni zote mbili, nimezishika kwa ubavu: mpya inanyooka kama rula, ile ya zamani inainama kama shingo ya ng'ombe aliyechoka. Nikamwambia arudi baada ya kilomita 300 tumwage oili tuangalie wavu kama una chenga. Kipindi alikuwa ameshakikosa. Akaniomba ile cheni kuukuu, anafundisha fizikia, akaifunga kwenye gazeti akaitia chini ya kiti.