Kutofautisha kazi za hisabati si kumpunguzia mwanafunzi hesabu

Dhana imeenea kwamba kutofautisha kazi darasani ni kuwapa wanaotatizika hesabu nyepesi, na wenye kasi maswali 20 badala ya 10. Sivyo. Lengo hubaki moja kwa wote. Kinachobadilika ni njia ya kulifikia na kina cha swali.

Chukua vigawo vya x² + 5x + 6, yaani semi mbili ambazo zikizidishwa hutoa semi hiyo. Katoni tupu kutoka duka lolote la mitaa ya Nairobi kama Kayole au Kawangware zinatosha. Wanafunzi wanne wanne wakate mraba mmoja wa sentimita 7 kwa 7 (x²), vipande vitano vya 7 kwa 2 (x), na vimraba sita vya 2 kwa 2 (moja moja). Wavipange viwe mstatili usio na pengo: pande zake ni x + 2 na x + 3. Vipimo hivyo havikuchaguliwa ovyo. Ukikata x kwa sentimita 8, vimraba vinne vitaenea kamili ubavuni, na mwanafunzi ataamini x ni 4. Kosa hilo ni gumu mno kuling'oa.

Aliyekwisha kuelewa asirundikiwe mengine kumi ya aina ileile. Mwulize: katika x² + kx + 12, ni nambari nzima zipi chanya za k zinazotoa mstatili? (7, 8 na 13.) Na kwa nini x² + 5x + 5 inakataa?

Makundi nayo yasigandishwe muhula mzima. Dakika tano za mwisho, kila mmoja ajibu swali lilelile kwenye kikaratasi. Majibu hayo ndiyo yapange makundi ya kipindi kijacho.