Tuzo za Taifa za Filamu za India: ni tuzo gani, na mshindi hupatikanaje

Shah Rukh Khan alipopata Tuzo ya Taifa mwaka 2025, wengi walishangaa kusikia kuwa ni ya kwanza kwake. Yupo kwenye sinema tangu 1992 na ana rundo la tuzo za Filmfare, iweje hii iwe ya kwanza? Jibu ni kwamba hizi ni tuzo mbili zisizohusiana. Filmfare hutolewa na jarida, na zile zinazojulikana zaidi nje ya India hutazama filamu za lugha ya Kihindi za Mumbai, yaani Bollywood. Tuzo za Taifa za Filamu hutolewa na serikali ya India kupitia Wizara ya Habari na Utangazaji, na humo filamu ya Kihindi haina upendeleo mbele ya ya Kimalayalam, Kitamil, Kibengali au Kimarathi.

Zilianza mwaka 1954, zikiangalia filamu za 1953. Medali ya dhahabu ya Rais ya mwaka huo wa kwanza ilikwenda kwa Shyamchi Aai, filamu ya Kimarathi. Mwanzoni filamu ndiyo iliyotunukiwa. Waigizaji waliingizwa baadaye, kwa filamu za 1967, na wa kwanza walikuwa Uttam Kumar na Nargis.

Mtayarishaji ndiye anayewasilisha filamu yake. Kuna masharti, na moja huwachanganya watu kila mwaka: kinachohesabiwa ni tarehe ya cheti cha bodi ya ukaguzi wa filamu, ambacho lazima kiwe kimetolewa kati ya Januari 1 na Desemba 31 ya mwaka husika. Siku filamu ilipoingia kwenye kumbi za sinema haihusiki. Mfano mzuri ni RRR. Watazamaji waliiona Machi 2022, lakini ilitunukiwa miongoni mwa filamu za 2021, kwa kuwa cheti chake kilikuwa cha 2021. Filamu inatakiwa pia iwe na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, maana hakuna jaji anayejua lugha zote za nchi ile.

Baada ya hapo kazi huanzia kwenye majopo matano ya kanda: Kaskazini, Magharibi, Mashariki na mawili ya Kusini. Kusini imegawanywa kwa sababu uzalishaji wake ni mkubwa mno. Kitamil na Kimalayalam viko jopo moja, Kitelugu na Kikannada jingine. Majopo haya huchuja na kupendekeza filamu kwa jopo kuu, na wenyeviti wao huketi kwenye jopo kuu hilo pamoja na wajumbe wengine. Jopo kuu ndilo linaloamua washindi. Filamu fupi na za hali halisi zina jopo lake, na maandishi kuhusu sinema nayo yana lake.

Umma haupigi kura popote katika mlolongo huu, na mapato ya tiketi hayaingii kwenye hesabu. Ndiyo maana Attam, filamu ya Kimalayalam kuhusu kikundi cha maigizo chenye mwanamke mmoja tu, iliweza kuwa filamu bora ya 2022. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo thamani kubwa ya tuzo hizi: filamu ndogo ya lugha isiyo na soko kubwa hupimwa kwa meza ileile. Hata hivyo haki hiyo imechelewa kuwafikia baadhi ya watu. Kitelugu ni miongoni mwa lugha zenye filamu nyingi zaidi India, lakini mwigizaji wake wa kwanza kushinda kama mwigizaji bora wa kiume alikuwa Allu Arjun, kwa filamu ya 2021.

Mshindi hupewa medali, cheti na fedha. Swarna Kamal, yaani yungiyungi la dhahabu, ni ya vipengele vichache vya juu kama filamu bora na mwongozaji bora, na huambatana na rupia laki tatu. Rajat Kamal, yungiyungi la fedha, ni ya vingine vingi, wakiwamo waigizaji, waimbaji, wapiga picha na filamu bora ya kila lugha, na ina rupia laki mbili. Wakishinda wawili, fedha hugawanywa. Shah Rukh Khan alishinda kwa Jawan pamoja na Vikrant Massey wa 12th Fail, hivyo kila mmoja alipata laki moja. Heshima ya juu kabisa ni Tuzo ya Dadasaheb Phalke, yenye jina la mwasisi wa sinema ya India, inayotolewa kwa mchango wa maisha yote tangu enzi za mwigizaji Devika Rani, aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Tuzo hiyo haitazami filamu moja, na fedha zake ni rupia laki kumi na tano.

Kwa desturi Rais wa nchi ndiye anayekabidhi, New Delhi. Washindi wanalithamini sana jambo hilo. Mwaka 2018 ilipotangazwa kwamba Rais angekabidhi tuzo 11 tu na waziri amalizie nyingine, makumi ya washindi walisusia hafla. Lawama nyingine huelekezwa kwenye majopo yenyewe, kwa kuwa serikali ndiyo inayoyateua. Mwongozaji wa The Kerala Story alipotajwa kuwa bora kwa filamu za 2023, Waziri Mkuu wa jimbo la Kerala alipinga hadharani, akisema filamu hiyo inapotosha kuhusu jimbo lake.

Kosa la kawaida zaidi ni la miaka. Tuzo za 71 zilikabidhiwa Septemba 2025, lakini ni za filamu za 2023. Janga la UVIKO-19 liliongeza pengo hilo: tuzo za filamu za 2019 zilikabidhiwa Oktoba 2021. Kwa hiyo ukisoma "mshindi wa mwaka fulani", angalia kwanza kama ni mwaka wa filamu au wa hafla.

Angalia pia kipengele. Bango linaweza kuandika "mshindi wa Tuzo ya Taifa" kwa sababu ya wimbo mmoja tu. Jawan ilipata mbili, ya mwigizaji bora wa kiume na ya mwimbaji bora wa kike, Shilpa Rao. Filamu bora ya mwaka huo ilikuwa 12th Fail, na filamu bora ya Kihindi ilikuwa Kathal, ambayo wengi hata hawajaisikia.