Kumeza dawa kwa saa tofauti hakuzuii kila mgongano

Malalamiko mengi yanayofika katika kitengo chetu cha usalama wa dawa yanafanana. Mgonjwa kaandikiwa dawa na madaktari wawili, kaingiwa na hofu kwamba zitagongana, basi kaamua mwenyewe kumeza moja asubuhi na nyingine usiku "zisikutane". Nia ni njema, ila si dawa zote zinazogongana tumboni.

Zipo zinazogongania huko, na kwa hizo saa zina maana. Siprofloksasini na doksisaiklini, ambazo ni antibiotiki, hunaswa na vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa za kupunguza tindikali tumboni, zikashindwa kuingia vya kutosha kwenye damu. Siprofloksasini, kwa mfano, humezwa angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo. Ukivitanguliza, muda wa kusubiri ni mrefu zaidi, muulize mfamasia. Maziwa nayo hupunguza nguvu ya siprofloksasini. Wanaoamini kwamba maziwa "huvunja ukali" wa dawa yoyote, tumewajibu mara nyingi mno.

Migongano mingine hutokea kwenye ini, na huko saa hazisaidii. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulichochea ini kuvunja dawa nyingine upesi. Vidonge vya uzazi wa mpango hupoteza nguvu hata vikipishana nayo kwa saa 12, na hali hiyo huendelea kwa muda baada ya rifampisini kukoma. Metronidazoli, antibiotiki, hufanya kinyume kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: huchelewesha kuvunjwa kwake, na mgonjwa anaweza kuvuja damu.

Hata hivyo, kugongana si lazima kumaanishe daktari amekosea. Anayetumia rifampisini pamoja na dolutegraviri, dawa ya VVU, kwa kawaida hupewa miligramu 50 za dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa makusudi. Kuna wanaodhani kidonge cha pili kimeandikwa kimakosa, wakakiacha. Tafadhali msifanye hivyo.

Kinachotusumbua zaidi ni dawa isiyotajwa. Mtu mwenye losartani, dawa ya shinikizo la damu, na kidonge cha kukojoza hujinunulia ibuprofeni ya maumivu ya mgongo, na zote tatu kwa pamoja zinaweza kuumiza figo. Ukiulizwa unatumia nini, taja na za kujinunulia, na mitishamba.

Kuhusu taarifa ya madhara: lazima iwe na mambo manne, yaani mgonjwa (herufi za mwanzo za jina na umri vinatosha), mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa na kilichotokea. Likikosekana moja, taarifa haijakamilika. Ongeza tarehe ya kuanza kila dawa na namba ya toleo iliyo kwenye boksi, kwa hiyo boksi lisitupwe. Taarifa ni ya siri, na kuipokea si kukiri kwamba kuna mtu aliyekosea. Muuzaji anayetoa dawa ya cheti bila cheti ni suala jingine: huyo anahatarisha leseni yake.

Ukiona kinyesi cheusi, uso kuvimba au mkojo kupungua ghafla, usianze na fomu. Nenda hospitali na dawa zako zote. Fomu itajazwa huko huko.